Kilio Kilichoingia kwenye Mkanda

Filamu yangu ya kwanza niliitengeneza kwa hasira. Wengine watakwambia walianza kwa kupenda sanaa, walikuwa wanaigiza tangu shule ya msingi, sijui Mungu aliwajalia kipaji. Mimi nilitukanwa. Na aliyenitukana hata hakujua kwamba ananitukana, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wakigombania mahindi na tumbaku, mitumba ilishafika hadi kijijini Lusewa, na pale mjini Songea akatokea bwana mmoja, mtu wa kuja, akafungua kituo cha televisheni. Nikisema kituo usifikirie jengo. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya gesti, na mlingoti wa chuma umefungwa kwa waya juu ya paa. Yeye anaweka mkanda kwenye deki, mji mzima unatazama alichoweka. Akiweka Wachina wanapigana mateke, vijana wa mitaani wanapigana mateke wiki nzima. Akiweka Wanaijeria wanalia, mama yangu naye analia, na Kiingereza chenyewe hajui hata neno.

Kazi yangu kipindi hicho ilikuwa kupiga video za harusi, kipaimara na komunio ya kwanza. Kamera nilikuwa nayo, ile ya kubeba begani, niliachiwa na sista mmoja wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao. Bega langu la kulia mpaka leo limeshuka kidogo kwa ajili yake. Basi siku moja nikampelekea mwenye kituo mkanda wa harusi ambao wenyewe walitaka urushwe, na katika kuongea nikamwuliza kwa nini asionyeshe na mambo ya hapa kwetu. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Akanijibu bila kuacha kutafuna: "Hapa mna nini cha kuonyesha? Mahindi?"

Mimi sina dogo, watu wa mtaa wetu wa Msamala wanalijua hilo. Lakini siku ile sikumjibu. Niliogopa nikifungua mdomo nitasema yasiyorudishika. Nikabeba kamera yangu, nikateremka na barabara huku naongea peke yangu, wapita njia wananipisha. Mahindi! Mtu amefika juzi, hata togwa hajui inatengenezwaje, anatuambia tuna mahindi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakata shauri. Yule bwana atawaonyesha watu wa Songea kwenye kituo chake, wanaongea wanavyoongea, na atapenda mwenyewe.

Nikawakusanya vijana wa kwaya, wale wasio na haya. Hadithi tuliitunga jioni baada ya mazoezi ya nyimbo: kijana wa Lusewa anakuja mjini kuuza mitumba, biashara inamkubali, anasahau kwao, na siku anayokumbuka kurudi anakuta mama yake ameshafariki na watu wako msibani. Basi, ni hiyo tu. Hadithi yenyewe haikuwa ya ajabu, najua. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na kaka au binamu wa namna hiyo, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa anavaaje wala anadanganyaje.

Tulirekodi kiangazi kizima. Betri ya kamera ilikuwa imezeeka, kwa hiyo tulilazimika kukaa karibu na nyumba zenye umeme, na umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta la mji, unakuja unapojisikia. Mashine ya kuhariri hatukuwa nayo. Nilikuwa naunganisha kamera na deki, nabonyeza huku, nasimamisha kule, ukichelewa kidogo mtu anakatwa katikati ya neno. Siku hizi vijana wanakuja kuniuliza habari za ving'amuzi na vipindi vya mtandaoni, na filamu wanahariri kwa simu wakiwa wamejilaza kitandani. Nawaonea wivu, na huwa nawaambia hivyo hivyo.

Mwenye kituo alikubali kuutazama ule mkanda. Nilitegemea auzime katikati, lakini aliumaliza, mikono kifuani. Kisha akasema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mchungu kwa sababu nilikuwa naujua. Kijana wetu wa mitumba ni mzuri, soko ni zuri, lakini pale kwenye msiba tumeharibu. Waombolezaji wanaitazama kamera, mmoja analia na macho makavu, mwingine analia huku anajirekebisha gauni. "Msiba wenu hauna msiba," akasema. Akanipa nafasi moja. Mwezi ukiisha anafunga dishi la kunasa stesheni za nje, na Jumapili alasiri ataijaza tamthilia za nje. Nikileta msiba unaoaminika kabla ya hapo, Jumapili alasiri itakuwa yetu, na si mara hiyo tu. Nisipoleta, nisimfuate tena.

Nikaamua kurekodi nyumbani kwa mama yangu, na kuwaacha vijana wapumzike. Kulia ni kazi ya wanaojua kulia. Nikawaomba akina mama wa jumuiya yetu, zile jumuiya ndogo ndogo za kusali nyumba kwa nyumba, na ili tusimshtue mtu nikaomba itangazwe kwenye sala: Jumamosi asubuhi mtasikia kilio kwa mama fulani, msije, ni filamu. Balozi wa nyumba kumi naye nikamwambia. Nilijiona nimepanga mambo yangu vizuri kweli kweli.

Hapa inabidi nieleze habari za jirani yetu. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ua wa mabua tu. Nilikuwa namwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alinibeba mgongoni mama alipolazwa, na mtu wa kwanza kunisuka nywele alikuwa yeye. Kisha nguruwe wake akatoboa ua, akaingia kwenye viazi vya mama, mama akamtupia mchi. Alidai alitaka kumtisha tu. Lakini mchi ulikwenda ulikokwenda, na yule nguruwe alikuwa na mimba. Siku hiyo wale wanawake wawili walisemana mpaka wenye baiskeli walishuka kusikiliza. Mama akamalizia kwa lile neno ambalo kwetu ukishalisema hakuna tena la kuongeza: "Hata nikifa, usije kunizika." Mwenzake akajibu kwamba hata angeitwa na kengele ya kanisa asingekuja.

Baada ya hapo hawakusalimiana tena. Jirani akahama jumuiya, akawa anapanda mlima kwenda kusali na watu wa mtaa mwingine ili asikae mkeka mmoja na mama. Mimi nikikutana naye bombani namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba huku anaangalia ndoo yake. Miaka ilipita namna hiyo. Na ndiyo sababu tangazo letu kwenye sala lilimpita. Yeye hakuwapo, na katika mtaa mzima hakuna aliyejiona ana ruhusa ya kumpelekea habari za nyumba yetu.

Jumamosi ikafika. Mama alikataa katakata kukaa kwenye msiba wa filamu. Alisema hawezi kukaa mlangoni kwake akajililia mwenyewe, akaenda zake jiko la nyuma kutupikia. Akina mama wakatandika mikeka, wakafunga vitenge, nikawasha kamera. Wee! Wale mama hawakuwa na mchezo. Mmoja alianza taratibu, wa pili akampokea, na walipoingia wote mwili ulinisisimka. Hakuna aliyeitazama kamera. Nikasema moyoni, bwana wee, muhogo wako utakupalia.

Ndipo nikaona, kule pembeni ya picha, ua wa mabua unaanguka.

Jirani hakuzunguka njiani. Alipita pale pale nguruwe alipopitia. Alikuwa peku, kilemba kimemtoka kichwani, mkononi ameshika ungo, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa anachekecha kwake kilio kilipomfikia, na nadhani hata hakujua kwamba ungo bado anao. Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa mama, akapiga magoti, akalia kwa Kingoni. Alikuwa anamwita dada. Alisema dada, inuka unitukane tena. Alisema nilikuwa nakuja, kila siku nasema kesho, mwenzio nilikuwa nakuja.

Waombolezaji wetu wakanyamaza mmoja mmoja, wakabaki wanamtazama. Mimi sikuzima kamera. Nimeulizwa sana kwa nini sikuzima. Jicho langu lilikuwa limeganda pale, machozi yananitoka, na kidole hakikwenda kwenye kitufe.

Mama akatokea nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi. Akauliza, "Nani amekufa?"

Jirani akainua uso, akamwona amesimama. Alimtazama tangu kichwani hadi kwenye kandambili. Kisha akaiona kamera begani kwangu. Akasimama, akajifuta uso kwa ile mikono yenye unga, akageuka, akapita pale pale alipoingilia. Ungo aliuacha mlangoni. Mama akauokota na unga wake. Mmoja wa akina mama akajitolea kuurudisha, mama akamkatalia, akasema unga ulioletwa msibani haurudi ulikotoka. Jioni akausonga ule unga, tukala, na wakati wote wa kula hakusema neno. Mama yangu kukaa kimya wakati wa kula, hilo lilikuwa jambo geni.

Jumatatu nikampelekea mwenye kituo. Alipotokea jirani kwenye picha, yule bwana alisimama. Akarudisha nyuma, akatazama tena, akaniuliza huyu mwigizaji nimemtoa wapi. Nikamwambia si mwigizaji. Akasema basi filamu ni hiyo, na Jumapili ni yangu, mradi yule mama awemo. Nikimwondoa, tusisumbuane.

Ningeweza kumwachia mkanda pale pale. Vijana wangu walitaka hivyo, tena walinikasirikia. Walisema tumehangaika kiangazi kizima, tunakwama kwa sababu ya mama mmoja aliyeingia bila kuitwa. Lakini mimi nilikuwa nataka kuendelea kuishi Msamala. Na huyo mama mmoja alinibeba mgongoni. Singemtoa mbele ya mji mzima katika hali ile kabla hajaniambia ndiyo kwa mdomo wake. Hiyo ndiyo yake nitaitafuta, nikawaambia, na nitaipata.

Nilikwenda kwake, akanijibu dirishani. Alisema neno moja: "Futa." Nikaenda tena, nikakuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni. Nikaketi kwenye ngazi yake mpaka akachoka kujificha. Akatoka, akaniambia nisijifanye sielewi. Watu watamcheka. Watasema huyu si ndiye aliyeapa hatakanyaga, mbona ametambaa kwa magoti, tena kumlilia mtu aliye hai. Nikamwambia hakuna atakayecheka. Akaniuliza kama mimi ni mtoto wa Songea au nimeokotwa Namtumbo, siwajui watu wa hapa. Nikainuka pale kwenye ngazi, maana nawajua.

Mwezi ukawa unayoyoma. Nikamwomba mama aende akaongee naye. Mama akasema yeye na yule mama hawana maongezi, na mimi nisimletee filamu zangu kichwani. Nikapandwa na hasira, nikamwambia kuna mtu amekulilia, umemsikia kwa masikio yako, na bado unanuna. Nilimpandishia mama yangu sauti, jambo ambalo halifanyiki. Akanitazama, akaendelea kuchambua maharage. Nikatoka nje nikalia kwa uchungu, kwa sababu niliona kazi yetu inakufa hivi hivi, na yule bwana atakuwa amesema kweli kwamba hatuna cha kuonyesha.

Asubuhi iliyofuata mama akaniambia, bila kugeuka, "Mwambie mwenye ungo aje achukue ungo wake."

Nikasema nitampelekea. Akasema hapana, nimesema aje.

Nikaelewa. Nikapeleka ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno, nikarudi mbio kuweka runinga yangu ya chogo sebuleni kwa mama na kuunganisha kamera. Alasiri jirani akaja, safari hii kwa mlango wa mbele. Akabaki kizingitini. Mama alikuwa kwenye kiti chake, wala hakuinuka. Nikasema, "Shikamoo, mama mdogo. Ungo wako huu hapa. Ila naomba ukae kwanza. Mkanda ni huu, na hakuna mwingine. Utazame na mama. Ukimaliza, ukisema nifute, nafuta hapa hapa mbele yako."

Nilikuwa nasema kweli. Mkanda ule ukifutwa, hakuna Jumapili.

Akakaa kwenye ukingo wa stuli. Nikawasha. Mama alikuwa amesikia kilio siku ile akiwa jikoni, lakini mwenyewe hakuwa ameuona ua ukianguka, wala mwenzake akiingia na ungo mkononi, wala akipiga magoti. Sasa akayaona. Picha ikaisha, runinga ikabaki inachezacheza.

"Ulikuja peku," mama akasema.

"Viatu ningevikumbukia wapi."

Nje watoto wanakimbizana na tairi. Kisha mama akasema, "Unga wako ulikuwa mzuri. Mahindi ya wapi yale?"

"Namtumbo. Shemeji yangu aliniletea."

Ndiyo hayo tu waliyoongea, nilikuwapo, sikuongeza na sikupunguza. Jirani akainuka, akachukua ungo. Alipofika mlangoni akanigeukia. "Waonyeshe," akasema. "Lakini usiniwekee kinanda. Mimi sikuimba."

Alijua anachosema. Wakati ule kila filamu ya kulia ilikuwa inafunikwa kinanda, na mwenye kituo alikuwa na kinanda chake pale ofisini, anakibonyeza mwenyewe. Nilipompelekea mkanda, kitu cha kwanza alichotaka ni hicho. Tena alikuwa na sababu. Alisema lugha za makabila haziruhusiwi hewani, yule mama analia Kingoni, kwa hiyo tumfunike na muziki na wageni wasikwazike. Nikamwambia sheria hiyo naijua, ni ya taarifa ya habari na mahojiano. Mtu anayelia utamwambia ageuze kwanza maneno? Akasema watu wa Tunduru waliohamia hapa mjini hawataelewa. Nikamwambia watu wa Tunduru wanafiwa pia. Akajaribu kuutoa mkanda mkononi mwangu kwa kicheko, nikaukumbatia, nikakaa sakafuni katikati ya mlango wake, mtu anayetaka kuingia aniruke. Nimesema mimi sina dogo. Alizunguka pale chumbani, akapiga simu zake, akarudi akanikuta. Mwishowe akasema haya, chukua Jumapili yako na kilio chako, ila nikiitwa kujieleza, wewe ndiye utakwenda. Nikamwambia nitakwenda, tena na mama wote wa jumuiya.

Jumapili ile nilitoa runinga uwanjani kwetu, nikaiweka juu ya meza. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri, wengine na stuli zao. Mama alitandika mkeka mbele kabisa. Jirani akaja, amevaa viatu, akasimama simama, mama akajisogeza, na yule akakaa. Hawakutazamana. Mimi nilikaa karibu na waya, nauombea umeme wa jenereta usikatike.

Filamu ikaanza. Nilichojifunza siku ile ni kwamba watu wakimwona mtu wanayemjua kwenye runinga lazima wacheke. Walimcheka kijana wetu wa mitumba, wakamcheka muuza dagaa aliyepita nyuma yake, wakajicheka wenyewe. Sikujali. Nilikuwa nasikia raha isiyo na kifani. Walikuwa wanaongea na runinga, wanamtahadharisha kijana, wanamwambia rudi kwenu wewe, mama yako mgonjwa. Sikuwahi kuwaona wakiongea hivyo na Wachina.

Kisha msiba. Akina mama wanalia, uwanja umetulia. Ua ukaanguka, akatokea yule mama na ungo wake na mikono myeupe, na watu wakaangua kicheko uwanja mzima. Nilimwona jirani anajivuta kanga usoni. Aliweka mkono chini ili ainuke aondoke, na nikajua akiondoka sasa, ameondoka moja kwa moja, na singekuwa na uso wa kumfuata.

Mama alimshika upindo wa kanga, akamvuta akakaa. Kisha akawageukia watu, akainua sauti ile ile aliyomtukania.

"Nyamazeni. Ananililia mimi."

Wakanyamaza wote, na kilio kikasikika mpaka mwisho.